Makosa Kumi ya Kwaya ya Mwello

Funguo nilizirudisha Ijumaa. Zilikuwa nne. Nilizihesabu mbele ya Emojong, naye akazihesabu mbele yangu, tukapata nne tena. Basi nimestaafu. Ninyi mnaobaki dukani mmeniomba niandike "machache" kuhusu kazi, na kwa kuwa hamkusema machache ni mangapi, nitaandika ninavyoona mimi. Mishahara sitaigusa, haikuwa mirefu kiasi cha kujaza aya. Vyeo pia tuviache. Tulikuwa watu watatu, na aliyefika wa kwanza asubuhi ndiye aliyekuwa meneja mpaka wa pili atokee.

Nilianza kazi nikitoka kuuza mitumba sokoni. Nilijua kumtazama mtu mikono na kujua atanunua au anapoteza muda wangu, kompyuta sikuijua. Duka letu lilikuwa palepale lilipo sasa, Busia upande wa Uganda, karibu na foleni ya malori, mahali ambapo ukipiga chafya dereva wa Kenya anakuombea afya. Aliyenipokea ni Mzee Oketcho, fundi wa redio kutoka Kiyeyi, mtu ambaye salamu kwake ilikuwa gharama. Alinipa bisibisi na kompyuta ya mezani iliyokufa.

"Fungua."

Nikafungua.

"Hesabu skrubu."

Zilikuwa kumi na nne.

"Hesabu tena."

Kumi na tatu. Tulitafuta chini ya meza, chini ya kiti, mpaka tukaikuta imejificha kwenye mkunjo wa gauni langu la gomesi. Oketcho aliishika kati ya vidole viwili kama mtu aliyekamata kiroboto. "Hii moja," akasema, "ingeangukia ndani, mwenye kompyuta angewasha, halafu ungesikia moshi una jina lako." Kesho yake nilikuja na sketi isiyo na mikunjo, na tangu siku hiyo sijahesabu kitu chochote mara moja tu.

Oketcho alikuwa na maoni juu ya kila kifaa, na ninyi mliomkuta amezeeka hamkuyasikia yakiwa moto. Kwake kifaa kizuri kilikuwa na skrubu. Kilichofungwa kwa gundi kimetengenezwa na mtu asiyetaka urafiki na wewe. Simu zilipoanza kuja bila tundu la kadi, halafu bila tundu la waya wa masikioni, alizigeuzageuza akitafuta pa kuingilia. "Nabwire, hii ni simu au ni kipande cha sabuni?" Mimi nilijibu kama muuza mitumba: kwenye nguo, matundu yakipungua bei hupanda, lakini kwenye simu matundu ndiyo yalikuwa mali yenyewe. Alicheka. Kwa Oketcho hicho kilikuwa cheti.

Kazi yetu kubwa miaka ile ilikuwa nyimbo. Tulianza kwa kuchoma CD, baadaye tukajaza memori kadi, kisha flashi. Mtu anakuja na simu, anachagua, tunamwekea. Sitajifanya malaika: nyingi hazikuwa zetu, na hakuna mwimbaji aliyekuwa ametuuliza. Ilikuwa biashara ya kila mlango kuanzia kizuizi cha mpakani hadi stendi, na niliifanya. Naitaja kwa sababu itakuja kunifaa mbele. Mtu aliyewahi kuuza wimbo wa mwenzake anaijua harufu ya wimbo ulioibwa.

Lakini hata katika wizi ule nilikuwa na utaratibu. Mteja haondoki kabla hatujahesabu nyimbo pamoja: hesabu ya kwanza yangu, ya pili yake. Wengi walichukia.

"Mathe, si uniachie tu? Nitahesabu nikifika Kampala," dereva mmoja wa lori aliniambia, injini ikinguruma nje.

"Ukifika Kampala utakuwa umeshahesabu mashimo yote ya barabara. Hesabu hapa."

"Ngoma mia mbili?"

"Mia mbili na tatu. Tatu ni za mkeo, alipita jana akaziagiza."

Alihesabu. Alirudi miaka na miaka, na kila mara alianza kuhesabu kabla sijamwambia.

Flashi nazo zilinifundisha. Mnajua zile zinazoandikwa gigabaiti sitini na nne, ukizijaza zinakubali nne halafu zinaanza kula nyimbo za mwanzo kimyakimya, kama mgeni anayemaliza chakula cha watoto. Tulikuwa tunazinunua upande wa Kenya, kwa bwana mmoja mwenye meza ndogo na mdomo mkubwa. Mimi nilikwenda na laptopu yangu, nikakaa kwenye kreti ya soda mbele ya meza yake, nikaanza kujaza flashi moja baada ya nyingine mpaka pomoni.

"Mami, unanifungia njia ya wateja."

"Nasubiri ijae."

"Imeandikwa sitini na nne hapo juu, si unaona?"

"Hata mimi nimeandikwa mwembamba kwenye kitambulisho."

Siku ya tatu alitoa boksi lingine kutoka chini ya meza bila kuambiwa. Zile zilijaa sawasawa. Nawaachia hii bure: lebo ni maoni ya aliyeibandika. Jaza kwanza, lipa baadaye.

Emojong alipoajiriwa alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na ushei, Mteso mwenye shahada ya kompyuta, aliyevaa mkoba mgongoni hata akienda msalani. Alitukuta mimi na Oketcho tukilinda madiski yetu kama mayai, akatuhurumia.

"Mama, siku hizi muziki haukai kwa diski. Iko hewani. Unalipa kidogo kila mwezi, unasikia wimbo wowote ya dunia."

"Hewani kwa nani?"

"Kwa kampuni."

"Na kampuni ikinuna?"

"Haiwezi nuna, Mama. Ni kampuni."

Wiki hiyohiyo akaja mama mmoja muuza samaki, mteja wetu wa zamani, simu yenye laini mbili mkononi. Wimbo wake alioupenda unacheza akitumia laini ya Kenya. Akiweka ya Uganda, simu inamwambia wimbo huo haupatikani nchini kwake. Nyumba yake iko pale ambapo mtandao wa Kenya unashika chumbani na wa Uganda unashika jikoni. "Kwa hiyo wimbo ni halali kitandani, haramu kwa sufuria?" aliuliza. Oketcho alicheka mpaka akaweka chini chuma cha kulehemu. Emojong alitafuta maelezo, akayapata, yakawa marefu, na yule mama akamwambia, "Sebo, niwekee tu kwa kadi."

Hata hivyo, haki yake nampa. Mwaka uleule diski yangu moja ilianguka kutoka kwenye kabati, futi tatu tu, ikaanza kulia tik-tik-tik, na nyimbo zote za ndani zikaenda na Mungu. Emojong alikohoa tu. Tangu hapo tukakubaliana: kila kitu nakala moja Busia na nakala moja Kiyeyi kwa Oketcho, ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, na ya tatu hewani kama bando linaruhusu. Wabishi wa kompyuta wataendelea kubishana kama kilicho mkononi ni bora au kilicho mawinguni. Jibu langu ni mbili kisha moja, na wote wakinuna wanune.

Oketcho ndiye aliyetutoa kwenye nyimbo za watu. "Hizi kwaya zote kutoka Molo, Mwello, wapi na wapi," alisema, "zinaimba Jumapili halafu zinapotea na upepo. Turekodi." Tukasafisha stoo ya nyuma, tukabandika magodoro ukutani, na Oketcho akatengeneza kishikio cha maiki kutoka mpini wa jembe. Kompyuta tuliyorekodia ilikuwa ileile ya siku yangu ya kwanza, iliyofufuka, ikiwa na skrubu zake kumi na nne.

Ndipo akaja Mwalimu Athieno.

Alikuwa anafundisha shule ya msingi Mwello na kuongoza kwaya ya kanisa ya watu ishirini na wawili. Nyimbo alitunga mwenyewe, akisahihisha madaftari. Mwanamke mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea darasa la watoto tisini. Walikuja na wimbo wao mkubwa, wa harusi, ule mnaousikia sasa kila Jumamosi kutoka Tororo mpaka hapa, na kuurekodi kulichukua siku nzima, kwa sababu waliukosea mara kumi. Mara ya kumi na moja ukatoka. Nyimbo nyingine saba tulizirekodi kesho yake, zikaenda kwa unyenyekevu zaidi.

Jioni ile Emojong alikaa mbele ya kompyuta, kidole juu ya kitufe cha kufuta. "Mama, haya makosa kumi ni takataka. Yanakula nafasi."

"Usifute."

"Nibakize moja, nifute tisa."

"Futa sifuri."

"Basi nifute tano. Nusu kwa nusu."

"Sifuri. Unashuka peke yako, mimi nimesimama palepale."

Sikuwa na sababu ya kitaalamu. Sheria ya duka ilisema hakifutwi kitu ambacho mwenyewe hajakihesabu, na Mwalimu alikuwa amehesabu nyimbo nane nzuri tu, akachukua flashi yake akaondoka. Makosa hayakuhesabiwa. Basi yakabaki.

Miezi ikapita. Mwalimu alitaka wimbo uende mtandaoni, na sisi wakati huo hatukujua njia zake, kwa hiyo akaipeleka flashi kwa prodyuza mmoja mjini mbali, jina lake sitaliandika, asije akalisajili tena. Prodyuza aliupandisha wimbo kweli, lakini aliusajili kama mali yake, umetungwa naye, umerekodiwa studio kwake. Pasaka ilipofika kwaya ikaweka video yao wenyewe wakiimba wimbo wao wenyewe, na baada ya siku mbili ikafungwa: muziki huu ni wa mtu mwingine. Halafu yule bwana akaandikia kanisa barua akisema kwaya yao inaimba wimbo wa wizi.

Mwalimu Athieno alikuja dukani akiwa na barua ya kamati ya kanisa. Hakukaa.

"Wamenipa mpaka Jumamosi ya wiki ijayo," akasema. "Nilete ushahidi, au niachie kwaya. Na wanataka nisimame Jumapili mbele ya watu niombe msamaha."

"Msamaha wa nini?"

"Wa kuiba wimbo wangu." Alikunja barua ile vidogo sana. "Mama Nabwire, mimi nafundisha watoto. Mtoto akiiba penseli mimi ndiye namwambia simama. Jumatatu nitasimama mbele yao na uso gani?"

Nilimwambia asiwe na hofu, tunayo kila kitu, na tarehe yake imeandikwa kwenye faili. Kompyuta huandika tarehe yenyewe. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyehesabu mara mbili.

Alipotoka tukafungua folda. Makosa kumi yapo, wimbo wa kumi na moja upo. Emojong akatazama safu ya tarehe, akaitazama tena.

"Mama. Hii faili inasema ilirekodiwa tarehe moja Januari."

"Si vibaya."

"Ya mwaka ambao Mwalimu Athieno alikuwa bado ananyonya."

Sasa nisikilizeni, maana hili ni kosa la watu wa kazi yetu, mkulima hawezi kulifanya. Ndani ya kompyuta ya mezani kuna betri ndogo, mviringo kama sarafu, inayolinda saa umeme ukikatika. Yetu ilikuwa imekufa. Kila umeme uliporudi, na mnajua unavyopenda kuondoka na kurudi, kompyuta ilirudi siku yake ya kuzaliwa na kuniandikia kwa maandishi meupe kwamba saa imepotea, bonyeza F1 kuendelea. Nami nikabonyeza F1. Miaka saba nilibonyeza F1 kila asubuhi, kabla hata ya chai, mpaka kidole kilikuwa kinakwenda chenyewe. Mimi niliyehesabu skrubu, nyimbo, flashi na funguo, sikuwahi kusoma sentensi ile mpaka mwisho. Betri yenyewe ilikuwa kwenye droo, pakiti nzima, tukiwauzia wateja.

Nilimpigia Oketcho, ambaye alikuwa ameshastaafu, alete diski yake ya Kiyeyi. Nikamweleza.

"Skrubu ulihesabu," akasema. "Saa je?" Akakata simu. Diski aliileta kesho yake kwa bodaboda, ikiwa bado ndani ya mkebe, na tarehe zake zilikuwa zilezile za uongo.

Emojong akavuta kiti karibu. "Mama, tarehe ni kitu cha dakika mbili. Nabadilisha tu, hakuna mtu anajua. Na siyo uongo, ndiyo siku ya kweli tulirekodi."

Nitakuwa mkweli: nilisimama na wazo hilo muda mrefu kuliko ninavyopenda kusema. Mwalimu alikuwa anapoteza jina lake kwa sababu ya uvivu wangu, na dawa ilikuwa dakika mbili. Lakini sokoni nilijifunza jambo moja. Shati likiwa na tundu, usiliweke upande wa ndani ukiomba mteja asiligeuze. Atageuza, na akishaona tundu moja ulilolificha ataona na mengine ambayo hayapo. Litaje tundu wewe kwanza, kwa sauti, halafu taja bei.

"Hatubadilishi," nikasema. "Tunasikiliza. Makosa yote kumi, mara mbili."

"Mara mbili? Mama, yule Okoth wa besi anaimba vibaya mara moja tu inatosha."

Tulisikiliza. Mara ya kwanza nilisikia kelele. Mara ya pili, kwenye kosa la tano, nikasikia kitu kilichonifanya nivue waya wa masikioni na kuuvaa tena. Sikumwambia Emojong wala Mwalimu. Bei ya mwisho hata ndugu yako haambiwi.

Jumamosi tulikusanyika ukumbi wa kanisa Tororo. Mchungaji alikaa katikati kama mwenyekiti, mtu mrefu, mpole, mwenye haraka ya kudumu. Kamati pembeni yake, kwaya nzima kwenye mabenchi. Prodyuza alikuja na miwani myeusi, laptopu nyembamba na karatasi ya usajili iliyotiwa plastiki. Alikuwa na adabu, hilo nalo nalisema. Aliipitisha karatasi mkono kwa mkono. Jina lake, wimbo wetu, tarehe.

Nilisimama kabla hajamaliza kukaa.

"Mimi ninazo faili za kwaya," nikasema, "na kabla hamjaniuliza, tarehe zake ni za uongo."

"Banange!" mtu wa kamati akasema. Mwalimu Athieno alifumba macho.

Nikawaeleza betri, F1, miaka saba. Nikamwambia Emojong achukue nakala moja, abadilishe tarehe mbele ya wote. Akaiweka Krismasi ijayo. "Tazameni," nikasema, "huu wimbo bado hatujaurekodi. Tarehe ya kwenye kompyuta msiiamini, ya kwangu wala ya mtu yeyote."

"Yangu si ya kompyuta, Mama," prodyuza akasema kwa upole. "Yangu ni ya usajili."

"Ni kweli. Inasema siku uliyoupeleka. Hata mimi nikimpeleka mtoto wa jirani kliniki, kadi itaandikwa siku niliyompeleka. Haitaandika kwamba nimemzaa." Watu wakaguna. "Nina swali moja tu. Wimbo huu uliwarekodi mara ngapi?"

"Mara ngapi vipi?"

"Walikosea mara ngapi mpaka ukatoka?"

Alitabasamu. "Mimi ni profesheno, Mama. Mara moja. Mbili, labda."

Mchungaji alivua miwani yake ya kusomea. "Kwaya hii?" akauliza. "Hii yetu?"

Mabenchi yalianza kucheka kabla ya kamati. Mwanamke mmoja wa sauti ya kwanza alijifunika uso kwa kitenge.

Emojong akachomeka spika. Kosa la kwanza: mistari miwili, halafu besi moja inaingia mapema kama mtu aliyekosea mlango, na sauti ya Mwalimu: "Okoth! Nimesema subiri!" Okoth mwenyewe, mzima, benchi la tatu, akainamisha kichwa. Kosa la pili: "Okoth!" La tatu, honi ya lori, ndefu, ya foleni ya mpakani, na mtu akisema huyo naye ni besi. La nne, sauti yangu: "Nani amekanyaga waya?" Kufikia hapo ukumbi ulikuwa unasubiri makosa kama watu wanavyosubiri mabao.

"Samahani," prodyuza akasema. Alikuwa amevua miwani. "Hizi kelele mngeweza kuzitengeneza hata jana. Watu wako hapa wote, na honi ziko kila mahali."

"Ni kweli tena," nikasema. "Emojong, weka la tano."

La tano lilianza vizuri. Sauti zilipanda, zikashika, na ungedhani watafika. Kisha mlango ukalia, na mtu akauliza kwa sauti ya haraka na ya upole: "Mmefika wapi? Imbeni, imbeni, msisimame kwa ajili yangu. Nimepita kuwasalimu tu, nakwenda Molo, leo tunaezeka paa."

Hakuna aliyecheka. Kila mtu alimtazama Mchungaji, na Mchungaji aliitazama spika.

"Huyo ni mimi," akasema.

"Ndiyo, Mchungaji."

"Niliwaharibia wimbo."

"Uliuharibu vizuri sana. Paa la Molo liliezekwa lini?"

Hapo sikuhitaji kompyuta. Kamati nzima ilikuwa imebeba mabati. Walianza kusema wote pamoja: kabla ya mvua za kwanza, siku Fulani alipoanguka kwenye ngazi, wiki ile ya mahafali. Katibu akafungua daftari la kanisa akasoma siku yenyewe. Kisha akachukua ile karatasi yenye plastiki akaisoma nayo. Paa lilikuwa limetangulia kwa miezi mitano.

Tulimalizia makosa kwa sababu ukumbi ulidai. La saba Mwalimu anamwambia Okoth jambo kwa Kidhopadhola, ukumbi mzima ukaangua kicheko, na mpaka leo hakuna aliyekubali kunitafsiria mimi Msamia. La nane ni mvua juu ya bati. La kumi linakwenda salama mpaka neno la mwisho, halafu mtu anapiga chafya. Na la kumi na moja linaanza kwa Mwalimu kuvuta pumzi na kusema, "Mungu wangu, basi tena," na wimbo unatoka. Emojong aliucheza pamoja na ule wa laptopu ya prodyuza, kwa wakati mmoja. Ilisikika sauti moja.

Prodyuza aliniomba pembeni, mlangoni. "Mama, tusiharibiane. Tugawane. Nusu kwa nusu, jina langu na la kwaya."

"Nusu ya nini? Nikupe makosa matano?"

"Mama, tafadhali."

"Chukua yote ya Okoth. Hiyo ndiyo bei yangu ya mwisho."

Alirudi ndani akaketi, na mbele ya ukumbi akaufuta usajili wake na malalamiko yake, Emojong akimsomea kila mstari begani. Alipomaliza nilimwambia aonyeshe tena. Akaonyesha tena. Aliipakia laptopu yake, akampa Mwalimu mkono, na Mwalimu akaupokea kama anavyoupokea wa mwanafunzi aliyerudisha penseli. Barua ya kamati Mchungaji aliichana mwenyewe, vipande vinne. Nilivihesabu.

Video ilifunguliwa wiki iliyofuata. Halafu likatokea jambo ambalo katika miaka yangu yote ya kuweka nyimbo kwenye kadi sikuwahi kuliona: watu walianza kuja dukani kuomba makosa. Wanataka wimbo, ndiyo, lakini wanataka na yale kumi, hasa la saba. Mwalimu alikubali kwa sharti kwamba tuhesabu mbele ya kila mteja. Okoth amekuwa mtu mashuhuri. Anaitwa jina lake stendi ya Tororo, kwa sauti ya Mwalimu, na watu asiowajua. Wabishi wetu wa kompyuta wanaojadili mtandaoni nani anamiliki muziki wa siku hizi, waje Mwello waulize nani ana chafya ya mara ya kumi.

Betri tulibadilisha Jumatatu. Ilichukua dakika nne, pamoja na kuhesabu skrubu. Badilisheni yenu.

Nilikwenda Mwello Jumapili ya mwisho kabla ya kurudisha funguo. Siku ambayo Mwalimu Athieno alikuwa asimame kuomba msamaha ilikuwa imeshapita zamani. Jumapili hii alisimama tu kuongoza, mkono juu, kanisa limejaa mpaka madirishani, na watoto wake wa shule wamepangwa mbele wakimtazama. Emojong alikuwa amekuja na maiki mpya na laptopu, akaweka meza pembeni, akaniambia kwa kunong'ona, "Mama, usijali, tuna nafasi ya makosa hata thelathini."

Mwalimu hakusubiri. Alivuta pumzi, akashusha mkono, na kwaya ya Mwello ikaimba. Okoth aliingia mahali pake. Sauti ya kwanza ilipanda ikakaa. Hakuna lori, hakuna chafya, hakuna waya. Waliuimba wote, mwanzo mpaka neno la mwisho, mara ya kwanza, bila kosa hata moja, na walipomaliza walitazamana kama watu walioingia nyumba ya mwingine. Kisha kanisa likalipuka kwa vigelegele, na Mwalimu, mbele ya watoto wake, akacheka kwa sauti, kichwa nyuma.

Nilimgeukia Emojong. Mkono wake ulikuwa bado njiani kwenda kwenye kitufe cha kurekodi.

Basi hiyo moja sina nakala yake, Busia wala Kiyeyi wala hewani. Nilikuwepo, nikaisikia mara moja, na ilitosha.